Wana wa Walimu na Vyeo vya Kikabaila: Asili ya Kijamii ya Wateule wa Ufashisti nchini Italia, 1919–1943

Kila utawala hujitungia hadithi ya asili yake, na aghalabu hadithi hiyo huanza na nasaba ya wakuu wake. Utawala wa kifashisti uliodumu nchini Italia tangu Oktoba 1922 hadi Julai 1943 ulijitungia hadithi ya mhunzi. Ilisimuliwa, katika vitabu vya shule na magazetini, kwamba Benito Mussolini alizaliwa mwaka 1883 huko Dovia, kitongoji cha Predappio, akiwa mwana wa mfua chuma. Kwamba alikulia katika uhitaji. Na kwamba waliomzunguka walikuwa, kama yeye, watu wa jasho walioichukua nchi kutoka mikononi mwa wazee wa bungeni walioshindwa kuiongoza. Hadithi hii ina mvuto wake. Kasoro yake ni kuwa inaeleza nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa nje ndiyo yenye uzito.

Makala haya yanadhamiria kuchunguza asili ya kijamii ya wateule wa kisiasa wa ufashisti wa Italia. Kwa 'wateule' wanakusudiwa watu wachache walioshika nyadhifa za uwaziri, ugavana na ukatibu wa chama, pamoja na wale walioketi katika Baraza Kuu la Ufashisti. Hoja inayotetewa ni kwamba wengi wao hawakutoka karakanani wala kondeni, bali katika nyumba za tabaka la kati la miji midogo. Walikuwa wana wa walimu, wafamasia, maafisa wadogo wa serikali na wafanyabiashara wa kadiri, ambao mtaji wao mkubwa ulikuwa lugha waliyofunzwa shuleni. Walipopata madaraka hawakuwaondoa mabwana wa zamani. Waliomba kuketi nao meza moja, na Afrika ndiyo iliyolipia viti vyao.

Huenda msomaji akauliza kwa nini suala la aina hii liwashughulishe wahakiki wa fasihi. Asili ya kijamii si jambo la kuhesabiwa tu. Husimuliwa, hupambwa na hufichwa. Ina watunzi wake na ina wasikilizaji wake. Zaidi ya hayo, baadhi ya maelezo ya kina kuhusu watu waliouendesha ufashisti yamo katika kazi za kubuni na za kumbukumbu, ambamo mtu huonekana nyumbani kwake na miongoni mwa jirani zake.

Mhunzi na mwalimu

Ni kweli kuwa Alessandro Mussolini alikuwa mhunzi. Alikuwa pia msoshalisti aliyesoma, aliyeandika katika magazeti madogo ya siasa na aliyepata kuwa mjumbe wa baraza la mji wa Predappio. Mkewe, Rosa Maltoni, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Familia iliishi katika jengo lile lile lililokuwa na darasa lake, na mshahara wake, ingawa mdogo, ndio uliokuwa wa uhakika. Mwana wao mkubwa hakurithi nyundo. Alipelekwa shule ya bweni, kisha chuo cha ualimu cha Forlimpopoli, akahitimu mwaka 1901, akafundisha kwa muda mfupi, na hatimaye akawa mwandishi wa magazeti. Mwaka 1910 riwaya yake ya mapenzi na kashfa za makasisi, Claudia Particella, l'amante del cardinale, ilichapishwa kwa mfululizo katika gazeti la Trento. Kufikia Desemba 1912 alikuwa mhariri wa Avanti!, gazeti la chama cha kisoshalisti, na Novemba 1914 alianzisha lake mwenyewe, Il Popolo d'Italia. Kwa hivyo mtu aliyeingia madarakani mwaka 1922 alikuwa mwana wa mwalimu, mwalimu mwenyewe, na mwandishi aliyejikimu kwa kalamu kwa zaidi ya muongo mmoja.

Inafaa kuangalia jinsi wasifu huu ulivyoandikwa na kuandikwa upya. Mara ya kwanza Mussolini aliusimulia mwenyewe akiwa gerezani Forlì, majira ya baridi ya 1911–12, alikofungwa kwa kuchochea ghasia za kupinga vita vya Italia nchini Libya. Mswada huo haukuchapishwa hadi baada ya kifo chake. Si vigumu kuona kwa nini mtawala wa dola lenye makoloni hakutaka usomwe. Toleo la pili ni la Margherita Sarfatti, mhakiki wa sanaa na mpenzi wake wa miaka mingi, lililotoka kwa Kiingereza mwaka 1925 na kwa Kiitaliano mwaka 1926 kwa jina la Dux. La tatu ni 'tawasifu' iliyotolewa kwa Kiingereza mwaka 1928, ambayo sehemu kubwa yake iliandikwa na Richard Washburn Child, aliyewahi kuwa balozi wa Marekani mjini Roma, akisaidiwa na Arnaldo, nduguye Mussolini. Mtunzi wa pili kati ya hawa alikuwa binti wa familia tajiri ya Kiyahudi ya Venezia, na wa tatu alikuwa mwanadiplomasia wa kigeni. Hadithi ya mhunzi, kwa maneno mengine, iliandikwa sebuleni kwa watu wenye nacho. Sarfatti hakuonewa huruma kwa kazi hiyo: sheria za ubaguzi wa rangi za mwaka 1938 zilimlazimisha kukimbilia Amerika ya Kusini.

Takwimu na nadharia

Italia ilikuwa imetoa nadharia ya wateule kabla ya kuwapata wateule wa kifashisti. Gaetano Mosca na Vilfredo Pareto walikuwa wamekwisha kufundisha kuwa kila jamii hutawaliwa na wachache, na Pareto aliongeza kuwa wachache hao huchoka na kupokewa na wengine wenye nguvu mpya. Wafashisti waliyapenda mafundisho hayo kwa sababu walijiona ndio hao wenye nguvu mpya. Mussolini alimteua Pareto kuwa seneta mwaka 1923, mwaka ambao mzee huyo alifariki. Mosca hakuwa tayari kuitumikia nadharia yake kwa namna hiyo: mwaka 1925 alisimama katika Seneti kuipinga sheria iliyomtoa mkuu wa serikali katika mamlaka ya bunge.

Swali la ni nani hasa waliokuwa wakipanda lilijibiwa mapema na Luigi Salvatorelli katika kitabu chake cha mwaka 1923, Nazionalfascismo. Aliuona ufashisti kuwa mapambano ya mabwanyenye uchwara waliobanwa baina ya wenye mitaji na wafanyakazi wa viwandani. Lakini hakuishia kwenye uchumi. Kiini cha kundi hilo, kwa maoni yake, kilikuwa wale waliopitia shule za lugha za kale na balagha, wakatoka na maneno makubwa kuhusu Roma na taifa bila ujuzi wa jinsi jamii ya kisasa inavyofanya kazi. Miaka zaidi ya 50 baadaye, Renzo De Felice alidai katika mahojiano yake maarufu ya mwaka 1975 kuwa tabaka hilo halikuwa likianguka bali likipanda, na kwamba lilitaka nafasi iliyolingana na uzito wake mpya. Mjadala huu umechukua kurasa nyingi. Wasifu wa wakuu wenyewe unaonyesha kuwa mtu mmoja aliweza kuwa yote mawili: kupanda kwa elimu na kuogopa kuanguka kwa kipato.

Takwimu ambazo chama chenyewe kilizikusanya kwa ajili ya mkutano wake wa Roma wa Novemba 1921, kutoka kwa wanachama wapatao 151,000, zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Wafanyakazi wa mashambani walikuwa asilimia 24.3 na wale wa viwandani asilimia 15.4. Wanafunzi walifikia asilimia 13, wenye ardhi na wakulima wa kujitegemea asilimia 12, makarani wa kampuni za watu binafsi asilimia 9.8, wenye maduka na mafundi asilimia 9.2, na wenye taaluma kama mawakili na madaktari asilimia 6.6. Waajiriwa wa serikali walikuwa asilimia 4.8, wenye viwanda asilimia 2.8 na walimu asilimia 1.1. Kwa mtazamo wa haraka, chama kinaonekana kuwa cha wafanyakazi. Hata hivyo, wengi wa wafanyakazi wa mashambani waliandikishwa baada ya vyama vyao vya kisoshalisti kuvunjwa kwa marungu na moto katika bonde la mto Po, na uanachama wao haukuwa wa hiari kamili. Jambo la kushangaza zaidi ni wanafunzi. Katika nchi ambayo zaidi ya robo ya watu hawakujua kusoma, na ambamo waliofika shule ya upili walikuwa wachache mno, mwanachama mmoja kati ya wanane alikuwa mwanafunzi. Wafanyakazi walipatikana katika orodha. Katika uongozi walikuwa adimu.

Mawakili, maluteni na wahariri

Matembezi ya kuingia Roma ya Oktoba 1922 yaliongozwa na watu wanne, nao wanatosha kutoa picha ya kundi zima. Emilio De Bono, aliyezaliwa mwaka 1866, alikuwa jenerali wa jeshi la mfalme. Cesare Maria De Vecchi alikuwa wakili wa Torino na mtetezi wa ufalme. Michele Bianchi, mzaliwa wa Belmonte Calabro kusini mwa nchi, alikuwa mwandishi wa magazeti aliyeibukia katika vyama vya wafanyakazi. Mdogo wao, Italo Balbo, alikuwa na umri wa miaka 26. Baba yake na mama yake walikuwa walimu katika eneo la Ferrara. Alikuwa ametoka vitani akiwa afisa wa kikosi cha milimani, akahitimu mjini Firenze kwa tasnifu kuhusu fikra za Giuseppe Mazzini, kisha akakosa la kufanya. Wenye mashamba wa Ferrara walimpa la kufanya: mwaka 1921 walilipia vikosi alivyoviongoza kuwasambaratisha vibarua waliogoma.

Vita vya 1915–1918 vinastahili kutajwa hapa kama chuo cha pili cha watu hawa. Jeshi lilihitaji maafisa wadogo kwa maelfu, na lilihitaji wanaojua kuandika. Wanafunzi na makarani vijana walifanywa maluteni, wakaamrisha wakulima. Amani iliporudi walitakiwa kurudi kwenye dawati la karani au benchi la chuo. Giuseppe Bottai, mwana wa mfanyabiashara wa mvinyo wa Roma, alirudi na majeraha, akaandika mashairi ya mkondo wa wafuturisti, akasomea sheria, na mwaka 1923 akaanzisha jarida la Critica fascista. Dino Grandi wa Mordano, aliyetoka vitani na cheo cha kapteni, alikuwa wakili Bologna kabla ya kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1929 na balozi London mwaka 1932. Roberto Farinacci, mwana wa afisa wa polisi, alifanya kazi katika shirika la reli huko Cremona. Baada ya ushindi aliona haya ya kukosa shahada. Alijipatia ya sheria mwaka 1923 kwa tasnifu iliyokuwa imenakiliwa, kisha mwaka 1926 akasimama mahakamani Chieti kama wakili mtetezi wa mmoja wa wauaji wa mbunge Giacomo Matteotti. Achille Starace, katibu wa chama kuanzia 1931 hadi 1939, alikuwa na stashahada ya uhasibu na alitoka katika familia ya wafanyabiashara wa kusini.

Mtu wa kutoka chini hasa alikuwa Edmondo Rossoni. Alizaliwa mwaka 1884 Tresigallo, akahamia ng'ambo, akawa mchochezi wa wafanyakazi wahamiaji nchini Marekani, na aliporudi akajenga vyama vya wafanyakazi vya kifashisti. Vyama hivyo vilipopata nguvu ya kuwatia hofu wenye viwanda, serikali ilivivunja vipande vipande mwishoni mwa mwaka 1928, na Rossoni akaachwa bila jeshi. Baadaye alipewa wizara ya kilimo.

Sera ya elimu inaonyesha vyema tabia ya kundi hili. Waziri wa kwanza wa elimu wa Mussolini, mwanafalsafa Giovanni Gentile, alikuwa mwana wa mfamasia wa Castelvetrano, Sicilia. Shule ndiyo iliyomtoa huko ikamfikisha kwenye uprofesa wa Roma. Mageuzi yake ya mwaka 1923 yaliifanya shule ya lugha za kale kuwa mlango pekee wa kuingilia vitivo vyote vya chuo kikuu, na yaliwawekea watoto wa makarani na mafundi shule ya ziada isiyoelekea popote. Idadi ya wanafunzi wa shule za upili ilipungua, na ndivyo ilivyokusudiwa. Waliopanda kwa ngazi ya shule waliivuta ngazi baada ya kufika juu.

Mabwana wa zamani hawakuhama

Mfalme Vittorio Emanuele III ndiye aliyemwita Mussolini aunde serikali, na katika baraza la mawaziri la Oktoba 1922 Wafashisti walikuwa wachache. Wizara ya vita ilikuwa ya Jenerali Armando Diaz na ya majini ilikuwa ya Admirali Paolo Thaon di Revel. Mwaka uliofuata chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia kilijiunga na Wafashisti, na kwa njia hiyo wakaingia watu wa tabaka lililostaarabika zaidi. Mmoja alikuwa Alfredo Rocco, profesa wa sheria aliyeandika sheria zote za msingi za udikteta. Mwingine alikuwa Luigi Federzoni, mwanafunzi wa mshairi Carducci, ambaye alishika wizara za makoloni na mambo ya ndani, kisha urais wa Seneti. Wizara ya fedha ilikabidhiwa mwaka 1925 kwa Giuseppe Volpi wa Venezia, tajiri wa umeme na mahoteli. Wakuu wa majimbo waliendelea kuwa, kwa sehemu kubwa, watumishi wa serikali wa tangu zamani, na waraka wa Januari 1927 uliwaweka juu ya makatibu wa chama.

Wasomi nao walipata sehemu yao. Taasisi ya Accademia d'Italia, iliyoanzishwa kisheria mwaka 1926 na kufunguliwa 1929, iliwapa waandishi na wanasayansi mshahara, sare na jina la 'Mheshimiwa'. Filippo Tommaso Marinetti, aliyetaka mwaka 1909 maktaba na taasisi za aina hiyo zibomolewe, aliivaa sare hiyo bila kusita. Walipotakiwa mwaka 1931 kula kiapo cha utiifu, maprofesa wapatao 1,200 walikula. Waliokataa hawakuzidi sana 12. Wananchi wa kawaida waliifasiri herufi za chama, PNF, kwa mzaha kuwa 'Kwa Ajili ya Mahitaji ya Familia', na tangu mwaka 1933, kadi ilipofanywa sharti la ajira ya serikali, mzaha huo ulikuwa maelezo sahihi ya sosholojia.

Kutoka ras hadi duca

Miaka ya mwanzo Waitaliano waliwaita mabwana wa kifashisti wa mikoani kwa jina la ras. Balbo alikuwa ras wa Ferrara, Farinacci ras wa Cremona, Grandi ras wa Bologna. Neno hilo ni la Ethiopia, cheo cha makamanda wa kikabaila, na lilijulikana Italia tangu vita vilivyoishia kwa kipigo cha Adwa mwaka 1896. Lilitumiwa kwa kejeli, lakini lilisema kweli: kila mmoja alikuwa na eneo lake, watu wake wenye silaha na deni lake la ulinzi kwa matajiri wa mahali.

Tatizo la Mussolini lilikuwa namna ya kuwaondoa watu hawa mikoani bila kuwafanya maadui. Afrika ilimpa suluhisho. De Vecchi, ambaye wafuasi wake waliua wafanyakazi mjini Torino mnamo Desemba 1922, alipelekwa Mogadishu kuwa gavana wa Somalia kuanzia 1923 hadi 1928. Ni wakati huo ambapo eneo la ng'ambo ya Juba, lililokuwa sehemu ya Koloni ya Kenya, lilikabidhiwa kwa Italia mwaka 1925, na ni yeye aliyezivunja kwa vita tawala za masultani wa kaskazini mwa Somalia. De Bono alipewa Tripolitania mwaka 1925, kisha wizara ya makoloni, kisha amri ya majeshi yaliyovamia Ethiopia Oktoba 1935. Balbo, aliyekuwa amejipatia sifa za kutisha kwa kuongoza ndege za baharini hadi Chicago mwaka 1933, alihamishiwa Libya mwaka uliofuata. Kati ya wale wanne wa mwaka 1922, Bianchi pekee hakutawala koloni la Afrika. Alifariki mwaka 1930.

Pamoja na ugavana vilikuja vyeo vya kikabaila, ambavyo mfalme alivitoa kwa mapendekezo ya serikali. Mlolongo wake uliendelea kutoka conte hadi marchese, na juu yao duca. De Vecchi alifanywa conte wa Val Cismon, Volpi conte wa Misurata, Costanzo Ciano conte wa Cortellazzo, Grandi conte wa Mordano. Kwanza majina yalichukuliwa katika viwanja vya vita vya Italia, kisha Libya, kisha Ethiopia. Pietro Badoglio, mwana wa wenye ardhi wadogo wa Piemonte, alitangazwa duca wa Addis Ababa mwaka 1936. Rodolfo Graziani, mwana wa daktari wa Filettino, akawa marchese wa Neghelli, mji ulio kusini mwa Ethiopia upande wa mpaka wa Kenya, ambao aliuteka Januari 1936 baada ya kuwashambulia askari wa Ras Desta kwa mabomu ya ndege. Miaka 14 tangu neno la makabaila wa Ethiopia lilipotumiwa kuwakejeli mabwana wa mikoani, ardhi ya Ethiopia ndiyo iliyotoa majina ya makabaila wa Italia. Bottai, mshairi na msomi wao, alikuwa gavana wa Addis Ababa kwa wiki kadhaa Mei 1936, kabla ya kurudi Roma na kuwa waziri wa elimu. Akiwa katika wizara hiyo aliwafukuza Wayahudi shuleni na vyuoni mwaka 1938 kwa bidii iliyowazidi wenzake wengi.

Hata katika dola hiyo mpya damu ya zamani ilirudi juu. Ukatili wa Graziani ulipoishindwa Ethiopia, nafasi yake ilichukuliwa mwishoni mwa 1937 na Amedeo wa Aosta, mwanamfalme wa ukoo wa Savoia. Ndiye aliyejisalimisha Amba Alagi Mei 1941. Alifariki Nairobi akiwa mfungwa wa vita, Machi 1942, na akazikwa Nyeri.

Don Luigi

Wateule wa taifa wasingetawala siku moja bila wateule wa kijiji. Sheria za mwaka 1926 zilifuta mabaraza ya miji yaliyochaguliwa na mahali pake zikaweka podestà, mtu mmoja aliyeteuliwa kwa miaka mitano. Alitakiwa kuwa na cheti cha shule au rekodi ya vitani, na kwa kawaida hakulipwa; kwa hivyo kazi ilimfaa mwenye mali au mwenye riziki nyingine. Waandishi walimchora mtu huyu kwa namna mbili. Katika Fontamara ya Ignazio Silone, iliyotoka uhamishoni mwaka 1933, wakulima wa Abruzzo wanamwona anayewanyang'anya maji kuwa mgeni, mfanyabiashara aliyeshuka juu yao kama balaa. Ni taswira yenye nguvu ya kifasihi, ila inamweka mwovu nje ya kijiji.

Carlo Levi, daktari na mchoraji wa Torino, aliona zaidi kwa sababu alilazimishwa kuishi huko. Serikali ilimfungia Lucania mwaka 1935, na kutokana na maisha hayo akaandika Cristo si è fermato a Eboli, kilichochapishwa mwaka 1945. Podestà wake, don Luigi Magalone, ni mwalimu wa shule ya msingi. Wakati watoto wa darasa lake wanajitafutia herufi wenyewe, yeye anavuta sigara roshanini na kuwahutubia wakulima kuhusu Roma na vita vya Uhabeshi. Si jitu. Ni mtu wa kawaida, mwoga wa maradhi, anayependa kunyenyekewa, ambaye karatasi ya serikali imempa uwezo wa kusoma barua za watu. Levi anawaeleza mabwana wadogo wa namna hiyo kwa utulivu unaokaribia huruma: wana wa familia zilizopungukiwa, wenye shahada zisizotosha kuwatoa kijijini, wanaochukiana baina yao na kuishi kwa migongo ya wakulima. Asilimia za mwaka 1921 haziwezi kumwonyesha mtu huyu. Ni vyema kukumbuka pia jinsi Levi mwenyewe alivyoachiliwa: alisamehewa katika shangwe za kutekwa kwa Addis Ababa.

Usiku wa kuamkia tarehe 25 Julai 1943, Baraza Kuu la Ufashisti lilipiga kura juu ya hoja ya Grandi ya kumrudishia mfalme mamlaka ya kijeshi. Waliounga mkono walikuwa 19, waliopinga 7. Miongoni mwa waliounga mkono walikuwa Grandi, De Vecchi, De Bono, Bottai, Federzoni, Rossoni na Galeazzo Ciano, mkwe wa Mussolini na mrithi wa cheo cha babake. Walitarajia kuwa mabwana wa zamani wangewahifadhi. De Bono na Ciano walipigwa risasi Verona Januari 1944 kwa amri ya serikali mpya ya Mussolini huko kaskazini. Bottai alijificha katika jeshi la kigeni la Ufaransa. Grandi alifika Ureno na akaishi hadi mwaka 1988.

Levi alirudi kwa mwalimu wake katika kitabu kingine, L'orologio, cha mwaka 1950, kinachoeleza Roma ya mwisho wa 1945, serikali ya wapinzani wa ufashisti ilipokuwa ikianguka. Humo wahusika wanazunguka wizarani, wanakuta makarani wale wale, mihuri ile ile, lugha ile ile ya nyaraka. Mmoja wao anaigawa Italia katika makundi mawili yasiyofuata mipaka ya vyama: Contadini, yaani wakulima, akimaanisha wote wanaozalisha kitu, na Luigini, jina lililotokana na don Luigi wa kijijini.